UCHAMBUZI: Meya akiamuru watu warudi nyumbani, nani huilinda nyumba hiyo?

JIONI ya Ijumaa, Mei 29, 2020, Meya wa Atlanta nchini Marekani, Bi Keisha Lance Bottoms, alisimama mbele ya wanahabari kuwahutubia wakazi wa jiji lake. Wakati huo gari la polisi lilikuwa limeteketezwa katikati mwa jiji, na vioo vya makao ya shirika la habari la CNN vilikuwa vimevunjwa na vijana waliojawa na ghadhabu.

Ujumbe wake ulikuwa mmoja, na aliurudia kwa sauti ya ukali: kama mnaujali mji huu, nendeni nyumbani.

Amri hiyo ilikuwa na maana mbili kwa pamoja. Siku mbili tu kabla ya hapo, idadi ya Wamarekani waliofariki kutokana na Covid-19 ilikuwa imepita 100,000. Kwa zaidi ya miezi miwili wananchi walikuwa wakihimizwa na madaktari kwamba nyumbani ndiko kwenye salama. Sasa neno lile lile la tabibu lilikuwa limegeuka kuwa neno la anayetaka kutuliza ghasia.

Hotuba hiyo ilisifiwa mno. Ilirushwa na kurushwa tena katika runinga za dunia nzima, na jina la Bi Bottoms likaanza kutajwa miongoni mwa wanawake ambao Bw Joe Biden angeweza kumteua mmoja wao kuwa mgombea mwenza wake. Wengi walimwona kuwa kielelezo cha namna kiongozi wa jiji anavyopaswa kuzungumza na watu wake wakati wa dhiki.

Sifa hizo alistahili. Hata hivyo, hotuba ya kiongozi haipimwi kwa makofi ya usiku ule ilipotolewa. Hupimwa kwa yaliyotendeka baadaye, na kwa uwezo aliokuwa nao msemaji wa kutimiza kile alichokidokeza. Kiongozi anayemwambia mkazi arudi nyumbani, iwe kwa sababu ya maradhi au kwa sababu ya fujo, huwa amejitwika deni la kumhakikishia kwamba nyumba hiyo ni salama. Yaliyoisibu Atlanta katika miezi mitatu iliyofuata yanaonyesha jinsi deni hilo lilivyo zito, na jinsi mara nyingi mwenye kulibeba asivyokuwa na mamlaka yote ya kulilipa.

Mama aliye mkuu wa polisi

Ili kuielewa hotuba ile, ni muhimu kuulewa mji wenyewe. Atlanta ndiko alikozaliwa Martin Luther King mnamo 1929, na ndiko alikozikwa baada ya kuuawa Aprili 1968. Majiji mengi ya Marekani yaliwaka moto kufuatia mauaji hayo, lakini Atlanta ilibaki shwari. Tangu Maynard Jackson alipoapishwa mnamo 1974, kila meya wa jiji hilo amekuwa mtu mweusi.

Ni historia hiyo aliyoitegemea Bi Bottoms. Aliwakumbusha vijana kwamba wazee wao hawakuuharibu mji hata baada ya King kuuawa. Aliwaambia kwamba hayo waliyokuwa wakiyafanya hayakuwa maandamano tena, yalikuwa vurugu zisizo na chembe ya moyo wa King. Akawataka, kama walitaka mabadiliko, wakajisajili kuwa wapiga kura na wajitokeze katika kura za mchujo za Juni 9. Kesho yake aliwakumbusha pia kwamba maradhi yalikuwa bado yanaua, na kwamba yalikuwa yakiwaua watu weusi kwa wingi kuliko wengine.

Lakini yaliyowagusa wasikilizaji zaidi ni maneno aliyoanza nayo. Alisema kwamba kabla ya yote yeye ni mama. Mama wa watoto wanne weusi nchini Marekani, mmoja wao kijana wa miaka 18. Alieleza kwamba alipoona jinsi George Floyd alivyouawa mjini Minneapolis mnamo Mei 25, huku afisa wa polisi akimkandamiza shingoni kwa goti kwa zaidi ya dakika tisa, aliumia kama mama yeyote angeumia. Alipopata fununu za ghasia mjini mwake, alimpigia mwanawe simu kumuuliza aliko, kwa kuwa hangeweza kumlinda.

Hakuna aliyeweza kumshuku kwamba alikuwa akiigiza. Bi Bottoms ni binti wa Major Lance, mwanamuziki aliyevuma miaka ya sitini, ambaye baadaye alifungwa kwa kosa la dawa za kulevya. Bi Bottoms mwenyewe amesimulia hadharani jinsi alivyorudi nyumbani kutoka shuleni akiwa mtoto na kumkuta babake ametiwa pingu, polisi wakiipekua nyumba yao. Baadaye alisomea sheria, akawa hakimu, kisha diwani, na hatimaye akashinda umeya katika duru ya pili ya uchaguzi wa Desemba 2017 kwa tofauti ya kura zisizofika 1,000.

Hapa ndipo penye fundo. Yule mama aliyekiri kwamba hawezi kumlinda mwanawe barabarani ndiye aliyekuwa pia bosi wa mkuu wa polisi wa jiji. Mkuu huyo wa polisi, Bi Erika Shields, alikuwapo katika kikao hicho hicho. Kama meya mwenye mamlaka juu ya kikosi hicho alikuwa na hofu ya aina ile, je, mama wa mtaa wa kusini mwa jiji, asiye na nambari ya simu ya afisa yeyote, angetulizwa na nini?

Historia ya Atlanta yenyewe ilikuwa imekwisha kutoa onyo. Mnamo Septemba 1966 polisi walimpiga risasi mwanamume mweusi katika mtaa wa Summerhill, na watu wakamiminika barabarani. Meya wa wakati huo, Ivan Allen, mzungu aliyeheshimika kwa kuunga mkono haki za watu weusi, alipanda juu ya gari la polisi ili awahutubie. Umati ulilitikisa gari hilo mpaka akalazimika kushuka. Watu hawakumchukia Allen. Walichokikataa ni kuombwa utulivu kabla ya kupewa maelezo kuhusu risasi ile.

Nyumba ipi?

Msanii Michael Render, ambaye mashabiki humjua kama Killer Mike, alizungumza katika kikao kile cha Mei 29. Yeye ni mtoto wa afisa wa polisi wa Atlanta. Huku akilia, aliwasihi vijana wasiiteketeze nyumba yao wenyewe kwa hasira waliyo nayo dhidi ya adui, bali waiimarishe ili iwe kimbilio. Kwa hiyo usiku ule neno nyumba lilitajwa na wote wawili: meya akiwaambia watu waende kwenye nyumba zao, msanii akiwaambia kwamba mji wenyewe ndio nyumba.

Waliokuwa barabarani walikuwa na jibu, hata kama hawakupewa kipaza sauti. Mnamo Machi 13, 2020, Breonna Taylor, mhudumu wa afya wa umri wa miaka 26, alipigwa risasi na polisi ndani ya nyumba yake mjini Louisville baada ya mlango kuvunjwa usiku wa manane. Mnamo Februari 23 mwaka huo huo, katika jimbo hilo hilo la Georgia, Ahmaud Arbery aliuawa na raia wazungu waliomfuata kwa magari alipokuwa akikimbia kujinyoosha viungo. Kumwambia kijana mweusi wa Atlanta kwamba nyumbani ni salama na barabarani ni hatari kulikuwa ni kumwambia jambo ambalo matukio ya miezi mitatu tu yalikuwa yamelikanusha.

Maradhi nayo yalikuwa yamesema kauli ile ile kwa lugha ya takwimu. Utafiti uliochapishwa Aprili 2020 na Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani (CDC), taasisi ambayo makao yake makuu yako papo hapo Atlanta, uliangalia wagonjwa 305 wa Covid-19 waliolazwa Machi mwaka huo katika hospitali nane za Georgia, nyingi zikiwa katika eneo la Atlanta. Zaidi ya asilimia 80 ya wale ambao asili yao ilijulikana walikuwa watu weusi, kiwango ambacho watafiti walisema kilipita kile kilichotarajiwa.

Sababu hazikuwa fumbo. Watu weusi ni wengi miongoni mwa waendeshaji mabasi, wahudumu wa hospitali, wafanyakazi wa maghala na wauzaji madukani, yaani wale ambao kazi zao hazifanyiki mbele ya kompyuta sebuleni. Isitoshe, Atlanta ni miongoni mwa majiji ya Marekani yenye pengo kubwa kabisa kati ya matajiri na maskini. Katika jiji kama hilo, agizo la kubaki nyumbani humlinda mwenye akiba na kumwacha nje mlalahoi.

Ni haki kusema kwamba Bi Bottoms aliyajua hayo yote. Alikuwa ametoa agizo la kuwataka wakazi wabaki majumbani tangu Machi 2020, zaidi ya wiki moja kabla ya agizo la gavana wa jimbo kuanza kutekelezwa Aprili 3. Lakini kujua ni jambo moja, na kuwa na nguvu za kutenda ni jambo jingine.

Deni laanza kudaiwa

Mtihani wa kwanza ulimfikia kabla ya saa 48 kwisha. Usiku wa Mei 30, kafyu ilipokuwa imeanza kutekelezwa saa tatu usiku kwa amri ya meya, polisi walilisimamisha gari la wanafunzi wawili wa vyuo vikuu, wakavunja kioo, wakawaduwaza kwa vifaa vya umeme na kuwatoa nje kwa nguvu. Tukio hilo lilinaswa na kamera moja kwa moja. Wanafunzi hao hawakuwa na silaha, wala hawakuchoma duka la mtu.

Siku iliyofuata meya aliwafuta kazi maafisa wawili, na Juni 2 maafisa sita wakafunguliwa mashtaka. Hatua hiyo ya haraka ilipongezwa na waandamanaji, ila ikawakasirisha polisi. Mwaka wa 2021 bodi ya utumishi ya jiji iliwarejesha kazini maafisa hao wawili kwa kuwa taratibu za kuwafuta hazikufuatwa, na mwaka wa 2022 mashtaka dhidi ya wote sita yakaondolewa. Aliyeharakisha kulipa deni alijikuta amelipa kwa hundi isiyo na fedha.

Ikaja Juni 9, siku ya kura za mchujo ambayo meya alikuwa ameitaja kuwa ndiyo njia halali ya kuonyesha hasira. Waliomsikiliza walijitokeza. Katika kaunti ya Fulton, iliyo na sehemu kubwa ya jiji la Atlanta, wapiga kura walisimama foleni kwa saa kadhaa. Mashine mpya za kupigia kura zilikwama, baadhi ya vituo vilikuwa vimefungwa au kuhamishwa kwa sababu ya corona, na makarani wengi hawakufika kwa kuhofia maambukizi. Meya hana mamlaka juu ya uchaguzi huo. Huo ni wajibu wa kaunti na jimbo. Lakini kijana aliyesimama katika foleni ile, akiwa amevalia barakoa chini ya jua, alimkumbuka yule aliyemwambia kwamba hiyo ndiyo njia.

Siku tatu baadaye, usiku wa Juni 12, Rayshard Brooks mwenye umri wa miaka 27 alikutwa amelala ndani ya gari lake katika foleni ya magari ya mkahawa mmoja kusini mwa jiji. Baada ya mazungumzo marefu na ya upole, polisi walijaribu kumkamata kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Kukazuka mvutano, akampokonya mmoja wao kifaa cha umeme na kutoroka, na akapigwa risasi akikimbia. Siku iliyofuata Bi Shields alijiuzulu. Meya alisema haamini kwamba matumizi yale ya nguvu yalikuwa halali, na afisa aliyefyatua risasi akafutwa. Usiku huo mkahawa ulichomwa.

Afisa huyo naye alirejeshwa kazini 2021, na mwaka uliofuata waendesha mashtaka wakaamua kwamba hakuwa na kesi ya kujibu.

Kilichofuata ni kibaya zaidi. Eneo la mkahawa ule lilitekwa na watu, baadhi yao wakiwa na bunduki, walioweka vizuizi barabarani huku polisi wakikaa kando. Mnamo Julai 4 gari lililojaribu kupita hapo lilimiminiwa risasi, na msichana wa miaka minane aliyekuwa ndani akafariki. Bi Bottoms alirudi tena mbele ya kamera. Safari hii hakuwalenga polisi. Aliwaambia wakazi kwamba waliomuua mtoto huyo hawakuwa maafisa, walikuwa ni watu wa jumuiya yenyewe, na kwamba imetosha.

Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Hata hivyo yalizua swali ambalo hayakuweza kulijibu: ni nani aliyeruhusu vizuizi vile vikae kwa majuma kadhaa? Polisi walipotumia nguvu kupita kiasi, nyumba haikuwa salama. Walipojiondoa, nyumba haikuwa salama vile vile. Mkazi aliyetii na kurudi kwake Mei 29 alikuwa amepoteza kotekote.

Barakoa na gavana

Julai 6 Bi Bottoms alitangaza kwamba yeye mwenyewe ameambukizwa virusi vya corona. Siku mbili baadaye alitoa agizo la kuwalazimu watu kuvaa barakoa mjini Atlanta.

Gavana wa Georgia, Bw Brian Kemp wa chama cha Republican, alikuwa na msimamo tofauti. Tangu Aprili 24 alikuwa ameruhusu vinyozi, saluni na kumbi za mazoezi kufunguliwa, akiwa miongoni mwa magavana wa kwanza kulegeza masharti. Julai 15 alitoa agizo lililobatilisha kanuni zote za barakoa zilizowekwa na miji. Siku iliyofuata akamshtaki meya na madiwani wake mahakamani, akidai kwamba meya hana mamlaka ya kuweka masharti makali kuliko ya jimbo.

Wasomaji wasiozoea mambo ya Marekani huenda wakashangaa kwamba jiji maarufu kiasi hicho, lenye wakazi karibu 500,000 na likiwa kitovu cha eneo la watu milioni sita, haliwezi kuamua kuhusu kipande cha kitambaa usoni. Lakini ndivyo sheria zilivyo. Katika mfumo huo mji ni mtoto wa jimbo. Hupewa madaraka na huweza kunyang'anywa.

Kesi hiyo iliondolewa Agosti 13, na siku chache baadaye gavana akairuhusu miji kuweka kanuni za barakoa kwa masharti fulani. Meya alikuwa ameshinda kwa kiasi. Lakini mwezi mzima wa kiangazi, wakati maambukizi yakipanda, mkazi wa Atlanta alikuwa akisikia amri mbili zinazopingana, moja kutoka jumba la jiji na nyingine kutoka jumba la jimbo. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo ziumiazo.

Ukizipanga nyakati hizo pamoja, picha inajitokeza. Kuhusu polisi, Bi Bottoms alikuwa na mamlaka, ila hayakutosha kuibadilisha taasisi yenye mizizi mirefu na sheria zinazomlinda mtumishi wake. Kuhusu maradhi, alikuwa na nia na ushauri mzuri wa wataalamu, ila mamlaka yalikuwa kwingine. Sauti yake ilifika kila nyumba, lakini mkono wake haukufika mbali kiasi hicho.

Mei 2021 alitangaza kwamba hatawania muhula wa pili. Januari 2022 Bw Andre Dickens aliapishwa kuchukua nafasi yake. Baadaye Bi Bottoms alihudumu katika Ikulu ya Rais Biden, na mwaka wa 2025 akatangaza azma ya kuwania ugavana wa Georgia. Si ajabu kwamba aliyeuona umeya ukifungwa mikono aliamua kuitafuta ofisi iliyomfunga.

Nairobi nako

Kisa hiki hakiko mbali na Mkenya. Wakenya wengi wamelowea Marietta na viunga vingine vya Atlanta, na jamaa zao huku nyumbani walikifuatilia kwa wasiwasi. Zaidi ya hayo, mwezi Juni 2020 wakazi wa Mathare jijini Nairobi waliandamana wakiwa na mabango yaliyolitaja jina la George Floyd pamoja na majina ya vijana wao waliouawa na polisi. Waliyaona mambo ya Minneapolis na ya Mathare kuwa ni mamoja.

Walikuwa na sababu. Kafyu ya kwanza ya corona nchini ilianza Machi 27, 2020, saa moja jioni. Jioni hiyo hiyo katika kivuko cha Likoni mjini Mombasa polisi waliwapiga wasafiri kwa virungu na kuwarushia gesi ya kutoa machozi. Kosa la wasafiri hao lilikuwa ni kungojea feri, yaani walikuwa wakijaribu kufanya kile walichoamriwa: kurudi nyumbani.

Siku tatu baadaye, Machi 30, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi ya polisi mtaani Kiamaiko jijini Nairobi. Hakuwa barabarani akivunja kafyu. Alikuwa kwao, kwenye roshani ya ghorofa. Aprili 1 Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba Wakenya msamaha kwa ukatili ulioandamana na utekelezaji wa kafyu, lakini mapema Juni Mamlaka Huru ya Kuchunguza Utendakazi wa Polisi (IPOA) ilisema watu 15 walikuwa wamefariki kutokana na vitendo vya polisi tangu amri hiyo ianze.

Je, kiongozi wa Nairobi aliwaambia nini wakazi wake? Swali lenyewe lilikuwa na utata, kwani haikuwa wazi kiongozi huyo ni nani. Februari 25, 2020, wiki chache kabla ya kisa cha kwanza cha corona kutangazwa nchini, Gavana Mike Sonko alikuwa ametia saini mkataba wa kuikabidhi Serikali ya Kitaifa majukumu makuu ya kaunti, ikiwemo afya. Machi hiyo Idara ya Huduma za Nairobi (NMS) ikaanza kazi chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Aprili, gavana aliyebakia na cheo pasipo kazi aligonga vichwa vya habari alipotangaza kwamba vifurushi vya chakula kwa maskini vitatiwa chupa ndogo za pombe kali, akidai husafisha koo dhidi ya virusi. Wataalamu wa afya walilipinga dai hilo. Desemba mwaka huo Seneti ilimwondoa afisini.

Linganisha mifumo hii miwili nawe utaona jambo la kustaajabisha. Meya wa Atlanta huajiri mkuu wa polisi, lakini katika janga la maradhi jimbo laweza kumnyamazisha. Gavana wa kaunti nchini Kenya amepewa huduma za afya na Katiba ya 2010, lakini hana amri juu ya polisi hata mmoja, kwa kuwa polisi ni wa Serikali ya Kitaifa. Kila mmoja ameshika nusu ya ufunguo wa nyumba ya mkazi. Nairobi ya 2020 ilikuwa imezitoa nusu zote mbili, hivyo jiji la zaidi ya watu milioni nne likavuka janga bila sauti moja ya kwake mwenyewe.

Hapo ndipo Bi Bottoms anapostahili heshima yake. Angalau watu wa Atlanta walijua ni nani wa kumlaumu, ni nani wa kumshangilia, na ni nani aliyekuwa akiumia nao. Mkazi wa Mathare hakuwa na hata huyo wa kumfokea.

Kiongozi asemeje?

Haitarajiwi kwamba kiongozi wa jiji anyamaze hadi apate mamlaka kamili, kwani hatayapata. Moto hausubiri marekebisho ya katiba, wala virusi havisubiri uamuzi wa mahakama. Lakini yapo mambo matatu ambayo kisa cha Atlanta kinayadhihirisha.

Kwanza, anayeomba utulivu hana budi kutanguliza maelezo. Ivan Allen aliligundua hilo akiwa juu ya gari la polisi. Kabla ya kuwauliza wakazi kwa nini wako nje, aeleze yeye mwenyewe amechukua hatua gani kuhusu kilichowatoa nje, kwa majina ya ofisi na tarehe. Bi Bottoms alilia na watu wake, nao walimwamini, lakini usiku ule hakuwaambia polisi wa Atlanta wangebadilika vipi. Mageuzi ya kanuni za matumizi ya nguvu aliyaagiza baada ya Brooks kuuawa.

Pili, aseme wazi ni nini hana uwezo nacho, na ni nani aliye nacho. Viongozi wengi huona aibu kufanya hivyo, wakidhani wataonekana dhaifu. Mkazi anayejua kwamba kura zasimamiwa na kaunti, barakoa na gavana, na bunduki na Inspekta Jenerali, atajua mlango wa kubisha. Asiyejua hubisha kwa jiwe kwenye dirisha lililo karibu.

Tatu, arudi kutoa hesabu. Amri ya kubaki nyumbani hutolewa mbele ya kamera zote, lakini maafisa wanaporejeshwa kazini mwaka mmoja baadaye kwa sababu ya kasoro ya utaratibu, habari hiyo hupata mistari michache katika kurasa za ndani. Hapo ndipo imani ya wananchi huliwa na mchwa. Ghasia zijazo zitakapozuka, kiongozi mwingine atasimama na kuwasihi watu warudi majumbani, na watakaomsikiliza watakuwa ni wale wanaokumbuka jinsi waliotii mara iliyopita walivyotendewa.

Wakenya huchagua magavana kila baada ya miaka mitano, na katika mikutano ya kampeni huwauliza kuhusu barabara, maji na takataka. Ni maswali ya haki. Lipo jingine la kuongeza: siku ambayo maradhi na ghasia vitabisha hodi pamoja, nawe ukanitaka nijifungie ndani, utakuwa umeafikiana nini na mwenye bunduki kuhusu mtoto wangu aliyesimama kwenye roshani?